Binti Yuko Wapi Mchana Kutwa?



Juma hili nina barua mkononi. Imetoka kusini, upande wa Ndanda, kwa baba mmoja mkulima wa korosho. Jina lake silitaji, maana mambo ya nyumba ya mtu ni yake. Lakini ameniruhusu kulieleza shauri lake, kwa kuwa wapo wazazi wengi wenye shauri kama hilo, wala hawana wa kumwuliza.

Baba huyu ana binti aliyemaliza Kidato cha Nne. Majibu ya mtihani yalipotoka, baadhi ya masomo yalikuwa yamemshinda. Mtoto akalia, kisha akafuta machozi akasema, “Baba, nataka kurudia.” Mzee akauza korosho, akampeleka Temeke, Dar es Salaam, akae kwa shangazi yake, asome masomo ya jioni, kisha afanye mtihani tena kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Haikupita miezi mingi, shangazi akapiga simu. “Kaka, mwanao hashindi nyumbani. Akimaliza kufagia anatoka, anarudi jua linazama. Nikimwuliza, ati yuko maktaba.” Baba moyo ukamwenda mbio. Mji ule anaujua kwa sifa zake, nzuri na mbaya. Akamwambia binti, “Kama kweli uko maktaba, azima kitabu kimoja, ulete nyumbani, shangazi yako akione.” Siku zikapita, kitabu hakikuja. Binti akajibu, “Baba, vitabu ninavyosoma haviruhusiwi kutoka.”

Basi mzee ananiandikia hivi: “Ndugu Mwandishi, nyumba gani hiyo ya vitabu isiyotoa vitabu? Naona nadanganywa. Nimrudishe mtoto shambani, ama nifanye nini?”

Nilikuwa na safari ya mjini, nikaona afadhali nikatazame kwa macho yangu kuliko kujibu kwa kukisia. Nikamwarifu baba, naye akamwarifu dada yake.

Nilifika Temeke asubuhi. Shangazi alikuwa mlangoni akiuza vitumbua, jasho likimtoka. Ni mama mwenye bidii, tena mkarimu. “Karibu, mzee, karibu ndani.” Binti alikuwa uani akiosha vyombo, akapiga goti, “Shikamoo.” Nikaitika.

Shangazi hakuficha neno. “Mzee, mimi sikusoma sana. Ninachoona ni kwamba mtu anatoka mikono mitupu, anarudi mikono mitupu. Na kazi hapa unaziona.”

Nikamwuliza binti, “Mwanangu, humu ndani ungesomea wapi?” Akanionyesha. Chumbani wanalala watatu. Meza ni moja, na asubuhi ni ya vitumbua. Nyumba ina wapangaji wengi, ua ni mmoja, na redio ya jirani haipumziki. Usiku taa huzimwa mapema, maana umeme hununuliwa kidogo kidogo. Shangazi alisikiliza yote, asijibu kitu.

Tukaondoka, binti na mimi. Tulipanda daladala hadi Kariakoo, tukashika miguu, tukapita Mnazi Mmoja, tukaifuata barabara ya Bibi Titi Mohamed, yule mama aliyewaita wanawake waingie TANU katika miaka ya 1950. Kwenye barabara hiyo ndipo ilipo Maktaba Kuu ya Taifa.

Nyumba hii ina historia yake. Sheria ya kuanzisha huduma za maktaba katika nchi yetu ilipitishwa mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru. Wakati ule serikali ilikuwa haina fedha, na mahitaji yalikuwa mengi kama majani. Hata hivyo ilionekana kwamba taifa lisilo na mahali pa kusomea litabaki kuombaomba akili kwa wengine. Jengo lenyewe lilifunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere tarehe 9 Desemba, 1967, siku ya sikukuu ya Uhuru. Mwalimu alijua alichokuwa anafungua. Yeye alipata kufundisha katika shule yetu ya Mtakatifu Fransisko kule Pugu mpaka mwaka 1955, na kusoma hakukuacha hata alipokuwa Rais. Tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, na uzeeni akazitunga Enjili kwa utenzi, vikatoka vitabu mwaka 1996 kwa Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Kwa hiyo wasomaji wa kusini, msidhani mambo ya vitabu ni ya watu wa pwani na Ulaya tu.

Tukaingia. Ndugu zangu, jambo la kwanza nililolisikia ni kimya. Nje magari yanapiga honi, wachuuzi wanaita, lakini mle ndani unasikia karatasi ikifunuliwa. Vijana wameinamisha vichwa mezani, hawa wametoka Kinondoni, wale Mbagala. Karibu nao mzee mwenye miwani alikuwa akisoma magazeti, na mama mmoja akinakili mambo ya sheria. Hakuna aliyemwuliza mwenzake ni mtoto wa nani.

Sasa tulijibu swali la baba. Nyumba gani ya vitabu isiyotoa vitabu?

Maktaba ina vitabu vya namna mbili. Vipo vya kuazima: mwanachama aliyejiandikisha huvichukua, akavirudisha kwa siku aliyopewa. Na vipo vitabu vya marejeo. Hivi ni kamusi kubwa, vitabu vya ramani, ensaiklopedia, sheria za nchi, na vitabu vingine vya masomo ambavyo watu wengi huvihitaji kila siku. Hivi havitoki. Sababu yake ni nyepesi, nanyi wakulima mtaielewa upesi. Kisima cha kijiji hakibebwi na mtu mmoja kwenda nacho kwake. Kila mtu huja na ndoo yake, akachota, akakiacha kisima pale pale kwa ajili ya mwingine. Vitabu vya marejeo ndicho kisima, na daftari ndiyo ndoo.

Tena sheria yetu huwataka wachapaji wa nchi hii wapeleke maktaba nakala za vitabu wanavyochapa, zihifadhiwe. Kama kila mtu angeondoka na chake, wajukuu wetu wangekuta rafu tupu.

Basi, kwa kuwa kitabu hakimfuati mtu, mtu sharti akifuate kitabu, tena akae nacho. Hapo ndipo wazazi wengi tunapokosea. Tunafikiri kusoma ni kama kwenda dukani: unaingia, unachukua, unatoka. Lakini mwenye kusoma vitabu vya marejeo hutumia saa nzima kwa kurasa chache. Husoma, hunakili, hurudia, huuliza. Kumpa mtoto nusu saa baada ya kazi zote za nyumbani ni sawasawa na kumpeleka mtu shambani magharibi, kisha kumwuliza mbona hakulima.

Binti alinionyesha anavyotafuta kitabu. Vitabu vimepangwa kwa namba, kwa mpango uliotungwa na Mmarekani mmoja, Melvil Dewey, mwaka 1876. Elimu yote imegawanywa mafungu kumi. Mambo ya dini yamo katika fungu la 200. Sayansi ni 500. Ufundi na kazi za mikono ni 600, na humo ndani kilimo kina namba yake, 630. Historia na jiografia ni 900. Mwenye kuijua namba huiendea rafu moja kwa moja, kama ninyi mnavyojua tuta la muhogo ni lipi na la kunde ni lipi. Asiyejua amwulize mkutubi, maana ndiyo kazi yake. Haya kwa mgeni ndiyo kujua; kutouliza ndiko kupotea.

Kisha akanifungulia daftari zake. Zilikuwa nne, zimejaa. Katika moja alikuwa amejibu maswali ya mitihani iliyopita, somo la biolojia, na kila kosa amelisahihisha kwa wino mwekundu. Nikamwuliza, “Mbona hukumwonyesha shangazi?” Akasema, “Hakuniomba daftari, mzee. Aliniomba kitabu.”

Katika daftari la nne nikakuta kurasa ambazo si za mtihani. Juu ameandika: Kwa Baba. Kumbe kila akimaliza kazi yake ya siku, alikwenda kwenye 630 akasoma juu ya mikorosho. Alikuwa ameandika habari za ubwiriunga, ule ugonjwa unaopaka maua na majani machanga unga mweupe, maua yakakauka, na korosho zisifunge. Ameeleza kwamba ni kuvu, wala si kurogwa, na kwamba huanzia katika machipukizi machanga. Kwa hiyo mkulima apogoe mikorosho na kuyaondoa machipukizi ya ndani kabla ya msimu. Tena salfa ianze kupulizwa mapema, maua yanapochomoza, siyo kungoja mpaka shamba zima limekuwa jeupe. Chini yake ameandika, “Baba, mwaka jana tulichelewa.”

Ndugu yangu uliyeniandikia, niliyasoma maneno hayo mara mbili. Ulitaka kitabu cha kuonyesha kwamba mtoto hadanganyi. Mtoto alikuwa amekuandalia kilicho bora kuliko kitabu.

Likabaki swali moja, kwa nini anachelewa kurudi. Aliinama chini, akanieleza. Nauli anayoipata aghalabu ni ya kwenda tu. Kurudi hutembea kwa miguu, kutoka mjini mpaka Temeke, siku nyingine mvua ikimnyea. Jua lilikuwa likizama njiani, wala halikumkuta mahali pabaya. Lakini hapo nilimwonya kidogo: “Hili ungemwambia shangazi yako. Kunyamaza kwako ndiko kulikomtia baba yako hofu.” Akakubali.

Tuliporudi, shangazi alizishika zile daftari, akazifunua taratibu, zote nne. Kisha akasema, “Kumbe mikono haikuwa mitupu. Mimi ndiye sikutazama mkobani.” Tukaketi, tukapatana. Siku tatu za juma binti ataondoka asubuhi kwenda maktaba, na nauli ya kwenda na kurudi itatengwa katika fedha ya vitumbua. Siku nyingine atamsaidia shangazi kukanda, kupika na kuuza. Atarudi kabla ya giza. Na kila Jumapili baada ya Misa atamsomea baba yake kwa simu mambo aliyojifunza.

Wasomaji wapenzi, kabla sijamaliza nina maneno machache kwa kila mmoja.

Kwa wazazi wa vijijini: mkimpeleka mtoto mjini kusoma, msihesabu karo peke yake. Hesabuni na nauli, na daftari, na kalamu. Mkitaka kujua kama anasoma, ombeni daftari. Tena msidhani maktaba iko Dar es Salaam tu. Zipo za mikoa pia, kama Tanga, Moshi, Arusha na Mwanza. Mkienda mjini kwa shughuli zenu, ingieni mkatazame.

Kwa ndugu wa mjini mnaowapokea watoto wa kaka na dada zenu: Mungu awalipe. Mzigo wenu twaujua. Lakini mtoto aliyeletwa kusoma asigeuzwe mtumishi wa nyumba. Asaidie kazi, ndiyo, maana kazi ni malezi. Walakini aachiwe saa zake.

Kwa ninyi vijana: nendeni maktaba kweli. Wapo wanaolitumia jina la maktaba kama kanga ya kujifunika, kumbe wako kwingine. Hao ndio wanaowafanya wenzao waaminifu wasisadikiwe. Mkiingia, nyamazeni, nawieni mikono, msikunje ukurasa, msichane picha. Mchana ukurasa amemwibia mtu asiyemjua, pengine mtoto wa kijijini kwake mwenyewe.

Tukumbuke Familia Takatifu. Bikira Maria na Mtakatifu Yosefu walimtafuta Mtoto Yesu siku tatu kwa uchungu, wakamwona Hekaluni kati ya waalimu, akiwasikiliza na kuwauliza. Hofu yao ilikuwa ya haki. Mzazi asiyehofu si mzazi. Lakini angalieni walivyofanya. Hawakukaa mbali wakimlaumu. Walifunga safari, wakaenda mpaka mahali penyewe, wakamsikiliza. Naye akarudi nao Nazareti, akawatii.

Na siku moja, alipokuwa mtu mzima, alisimama katika sinagogi la Nazareti, akapewa chuo cha nabii Isaya, akakisoma. Alipokwisha, Mtakatifu Luka atueleza kwamba alikikunja, akamrudishia mtumishi, akaketi. Alirudisha kitabu. Basi nasi tufanye vivyo hivyo.

Barua nyingine zimo mfukoni. Mungu akipenda, juma lijalo tutafungua ya pili. Kaeni na amani.