BIMA YA PIKIPIKI NA KIJANA MWENYE LESENI MPYA

Wahenga walisema ajali haina kinga. Hatuwapingi. Lakini ajali ina gharama, na gharama hazina budi kulipwa. Swali letu leo ni hili: kijana wa Tanzania aliyepata leseni ya daraja A juzi, akaanza kubeba abiria kwa pikipiki, akipatwa na ajali ni nani atakayelipa?

Sheria humlazimisha kila mwenye chombo cha moto kinachopita barabarani awe na bima, japo ile ndogo. Tunaiunga mkono sheria hiyo, kwa maana humlinda mwananchi anayekwenda kwa miguu. Lakini yapasa ieleweke wazi kwamba bima ndogo humlipa mtu mwingine aliyeumizwa. Haimtibu dereva aliyevunjika mguu kwa kosa lake mwenyewe, wala haimrudishii pikipiki iliyoharibika au kuibwa. Vijana wengi hubandika stika wakidhani wamekingwa pande zote, kumbe wamewakinga wengine tu.

Iliyobaki ni bima kubwa, ambayo ada yake hukatwa kwa kadiri ya thamani ya chombo. Kwa kijana huyu mlango wake ni mzito. Makampuni humwogopa, na hofu yao haikuzuliwa: dereva kijana aliye mgeni wa barabara hupata ajali mara nyingi kuliko mzoefu. Lakini hapo ndipo kijana mwangalifu hulipishwa makosa ya wenziwe, kabla hajafanya kosa lolote.

Tena tukumbuke hali yake. Wengi hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Huyu hupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni. Yule yumo katika mkataba, akilipa kidogo kidogo mpaka chombo kiwe chake. Pikipiki ikisagwa na lori, au ikiibwa usiku, kazi imekwisha lakini deni linabaki. Kumwambia mtu wa namna hiyo atoe ada ya mwaka mzima kwa siku moja ni kumwambia achague kati ya bima na chakula cha watoto.

Ndipo huingia vishawishi. Wako wanaokata bima ya pikipiki ya matumizi binafsi kwa sababu ni nafuu, kisha wakabeba abiria kwa nauli. Wako wanaonunua stika kwa watu wasiojulikana. Wako wanaokata bima halali lakini wanaendesha bila leseni. Wote hao huutambua ukweli siku ya ajali, kampuni inapokataa dai lao. Bima rahisi isiyolipa ni ghali kuliko zote. Kabla ya kutoa fedha, kijana na athibitishe stika yake katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Kazi hiyo yafanyika kwa simu. Aulize bei kwa makampuni zaidi ya moja, na asiondoke kabla hajaambiwa kwa maneno wazi kinacholipwa na kisicholipwa. Asiyeweza bima kubwa, walau ajiunge na bima ya afya, ambayo tangu mwaka 2023 imewekewa sheria ili iwafikie wote.

Hata hivyo, mashauri kwa mtu mmoja mmoja hayatoshi. Mwaka 1967 biashara ya bima iliwekwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa, lililoundwa mwaka 1963. Sheria ya mwaka 1996 ikafungua mlango kwa makampuni binafsi. Leo makampuni ni mengi, lakini wingi huo haumfai kijana anayeingia ofisini peke yake na pesa chache mkononi.

Bima si jambo geni kwetu. Kwa asili yake ni mchango, kama ule wa msiba: wengi hutoa kidogo ili mmoja asizame. Basi twasema vyama vya madereva katika vijiwe viende kwa makampuni vikiwa na orodha ya wanachama wenye leseni, vidai bei ya pamoja. Makampuni nayo yakubali malipo ya kila wiki au kila mwezi, na yampunguzie ada dereva aliyepata mafunzo na kumaliza mwaka bila ajali. Tajiri anayepokea hesabu kila siku abebe sehemu yake ya ada, kwani chombo ni chake. Serikali nayo itazame kama kodi ya ongezeko la thamani inayotozwa juu ya bima hiyo haiwezi kupunguzwa.

Kijana anayetupeleka kazini alfajiri ni mfanyakazi kama sisi. Tukimwacha apambane na ajali peke yake, gharama haitatoweka: italipwa na mama yake, kwa kuuza shamba.