Tiki Moja Si Dharau

Katika nyumba nyingi siku hizi ugomvi hauanzi kwa neno lililosemwa, bali kwa tiki. Mwanafunzi aliye chuoni Nairobi humwandikia babake kwa WhatsApp kwamba siku ya mwisho ya kulipa karo ni Ijumaa. Baba yuko malishoni na ngamia, kaskazini ya Merti, katika Kaunti ya Isiolo. Siku mbili zapita, tiki ni moja tu. Kijana ananuna: "Mzee amenipuuza."

Hajapuuzwa. Hebu tuzitazame alama hizo, kwa maana wengi wetu tunaziona kila siku bila kuzielewa.

Ukiona picha ndogo ya saa, ujumbe haujatoka. Ungali ndani ya simu yako, nayo itautuma yenyewe mara mtandao urejeapo. Tiki moja maana yake ujumbe umefika kwenye mitambo ya kampuni, na hapo unangoja. Tiki mbili za kijivu, umefika simuni mwa mwenzako. Zikigeuka samawati, alama iliyoletwa mwaka 2014, umefunguliwa. Ingawa mtu aweza kuizima alama hiyo, na wako wanaoizima kwa sababu wanazozijua wenyewe.

Programu yajuaje kuwa ujumbe umefika? Simu ya mpokeaji hurudisha stakabadhi, mfano wa sahihi tunayotia posta tunapochukua barua ya rejista. Isiporudi, mitambo huendelea kuushika ujumbe na kuupeleka tena simu ile inapopata mtandao. Ndiyo sababu mtu akitoka malishoni na kuukaribia mji wa Isiolo, simu iliyokuwa kimya wiki nzima hulia mfululizo kama kengele ya shule.

Wakati mwingine ujumbe hufika, lakini mtandao ukakatika kabla stakabadhi haijarudi. Hapo programu huurudia, na simu huutambua kwa namba yake, isiuonyeshe mara ya pili. Lakini wewe ukiuandika upya kwa hasira, huo ni ujumbe mwingine wenye namba nyingine. Ukiuandika mara tatu, mzee atausoma mara tatu, naye ndiye atakayenuna.

Lipo jambo zito zaidi. WhatsApp huuweka ujumbe usiofika kwa siku 30 tu, kisha huufuta. Wakati wa ukame mfugaji aweza kukaa mbali zaidi ya mwezi. Habari ya karo, au kwamba mama amelazwa hospitali, haitamfikia hata akirudi mjini. Na aliyeituma atabaki na tiki yake moja, akiamini kwamba baba alijua akanyamaza.

Kwa habari ya namna hiyo, piga simu. Asipopatikana, mtafute dereva wa gari liendalo Merti, umpe salamu hizo kwa mdomo, na umsihi asirudi bila jibu.