Pasaka Mugumu, sungura wa nini?

Hivi wadau, sungura wa Pasaka anatuhusu nini? Asili yake Ujerumani, lakini ndiye mnayemsaka mpaka Mwanza, eti kalibu ya plastiki ya kitindamlo. Seremala wa Tarime si yupo? Akuchongee tembo kwenye ubao!

Na kisingizio cha friji mkome nacho. Lita moja ya maziwa (Ukuryani ng'ombe si shida), vijiko vinane vya wanga wa mahindi, sukari. Changanya yakiwa baridi, kisha koroga motoni hadi yawe kama uji mzito. Lowesha kalibu, mimina. Yakipoa yameganda, pindua sahanini.

Mtoto wa Mugumu anamjua tembo kwa kuvamia shamba la mahindi usiku. Sikukuu hii naye amle, tena kwa mahindi yale yale!