Kitufe Kikinata, Kisafishwe Kwanza

Sisi tunaochapa Kiswahili, herufi A ndiyo huanza kutusumbua. Andika "barua ya kuomba nafasi ya kazi" uhesabu: A imebonyezwa mara 8 katika maneno 6. Naendesha steshenari hapa Morogoro, na laptopu zinazoletwa kwangu A imenata ni nyingi. Wenye nazo, wengi wao wanafunzi, huwa wameshaambiwa na fundi neno moja: nunua kibodi mpya. Ushauri huo unatolewa upesi mno, na anayeumia ni mtu ambaye hata hela ya kuchapa ripoti yake anaitafuta kwa shida.

Ukikiinua kitufe utaona vipande viwili vya plastiki vilivyopishana kama mkasi, na katikati yake kikombe kidogo cha mpira. Ukibonyeza, mpira unabonyea na tabaka mbili za plastiki zenye njia za umeme zinagusana. Ukiachia, mpira unakisukuma kitufe juu. Sasa chai ya maziwa imedondoka hapo. Maji yanakauka, sukari inabaki na kuushika ule mkasi. Kitufe kinashuka lakini hakipandi, na kwenye skrini A zinajipanga mstari mzima. Kibodi hiyo ni nzima. Ni chafu tu.

Zima mashine, chomoa chaja, na betri kama inatoka. Iinamishe, pangusa vumbi kwa brashi laini. Chukua kijiti cha pamba, kichovye kwenye spiriti kali, ile ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ukikamue kisidondoshe, kisha upitishe kwenye kingo za kitufe huku ukikibonyeza. Acha ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Mara nyingi kazi inaishia hapo. Vitufe virefu, kama cha nafasi na Enter, usiving'oe mwenyewe. Vingi vina kiwaya cha chuma chini yake, na kikipinda ni tabu kukirudisha.

Kuna na kibodi ambazo hata uchafu hazina. Kwenye Windows, ukishikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8, mashine inaweza kuingia kwenye mpangilio wa kupuuza mibonyezo ya haraka. Mtu anachapa, herufi hazitokei, anaamini kibodi imekufa. Mpangilio ukizimwa, anaendelea na kazi yake.

Ila vitufe vikiinuka safu nzima, au laptopu ikakataa kufunga sawasawa, achana na habari ya kusafisha. Huenda betri imevimba kwa chini. Usiichaji, usiikandamize, ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo. Hapo sibishani na bei yake.

Lawama nyingine nawapa watengenezaji. Laptopu nyingi za zamani kibodi yake ilishikwa na skrubu chache na waya bapa mmoja, fundi anabadilisha mteja akisubiri. Nyingi za sasa, kwa tamaa ya wembamba, kibodi imegandishwa moja kwa moja kwenye kava la juu, kwa hiyo kitufe kimoja kikiharibika unauziwa kava zima. Apple ilileta kibodi nyembamba sana mwaka 2015, punje za vumbi zikawa zinakwamisha vitufe. Mwaka 2018 ikaanza kuzitengeneza bure, mwaka 2019 ikaanza kurudi kwenye mfumo wa mkasi, na mwaka 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi ya wateja wa Marekani. Kama vumbi la ofisi za kule lilifikisha watu mahakamani, sisi tunaochapa mlango wazi kando ya barabara tuna haki gani ya kunyamaza?

Anayenunua laptopu, hata ya mtumba, kabla hajauliza ukubwa wa memori amuulize muuzaji kama kibodi inafunguliwa kwa skrubu, na kama spea zake zinapatikana mjini. Na nyie mafundi, ndugu zangu, fungueni kitufe mbele ya mteja, asafishiwe, ajaribu kuchapa jina lake mwenyewe. Ikishindikana, mtajieni bei ya kibodi. Atawaelewa, maana ameona kwa macho yake.