Dalili ya Mvua ni Mawingu, si Ramli

Tangu kale binadamu amekuwa na kiu ya kuijua kesho. Mkulima hutaka kujua kama mvua itanyesha, mfanyabiashara kama bei itapanda, na mchimbaji kama duara analolichimba litatoa dhahabu au litatoa mawe matupu. Kiu hiyo si kosa. Mnyama huishi kwa siku moja, bali binadamu huweka mbegu, hujenga ghala na kumsomesha mtoto kwa sababu ya siku ambayo bado hajaiona.

Lakini swali la kama binadamu anaweza kuihisi au kuitabiri kesho si la wanafalsafa peke yao. Katika Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita swali hili limekuwa la uhai na mauti. Kuna watu waliozikwa kwa sababu mtu fulani alidai kwamba ameiona kesho, na mtu mwingine akamwamini. Kwa hiyo yafaa tulijibu bila kuoneana haya.

Jibu la kwanza ni kwamba ndiyo, binadamu anaweza kuihisi kesho, kwa kiasi fulani. Waswahili husema machale yamemcheza. Mchimbaji wa siku nyingi huweza kusita mlangoni mwa duara bila kujua sababu, akawaambia wenzake wasishuke leo, na jioni ukuta ukaporomoka. Watu wakasema ana kitu. Ana kitu kweli, nacho ni uzoefu. Masikio yake yalikwisha kusikia mlio wa mwamba unaoachana, na macho yake yalikwisha kuona ufa mwembamba na maji yakichuruzika mahali ambapo jana palikuwa pakavu. Akili yake ilijumlisha hesabu kabla ulimi haujapata maneno. Machale ni elimu ambayo mwenyewe hakumbuki alisoma lini. Dalili ya mvua ni mawingu, na anayezizoea dalili huona mapema.

Wazee wa Kisukuma walikuwa na utabiri wa namna hiyo, na walioufanyia kazi hawakuwa wapumbavu. Tazama ngitili. Mvua zilipoanza, familia au kijiji kilitenga sehemu ya malisho, ikafungwa, mifugo isiingie. Kiangazi kilipokaza na nyasi zikaisha kwingineko, ngitili ilifunguliwa, ndama na mifugo dhaifu ikaokoka. Mzee aliyetenga ngitili hakuhitaji kujua kiangazi kitaanza tarehe ngapi. Alijua kwamba kiangazi huja, akajiandaa. Na tulipoiacha hekima hiyo, tukafyeka miti na kuifungulia kila ardhi, Shinyanga ilifikia hali ya kuitwa jangwa. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Ngitili zilizokuwa zimebaki zilikuwa mamia machache tu ya hekta, lakini mradi ulipofungwa mwaka 2004, katika mkoa wa Shinyanga wa wakati ule zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Hakuna aliyepiga bao ili kuirudisha miti hiyo. Watu walikumbuka walichokijua, wakakitenda.

Jibu la pili ni kwamba sayansi nayo hutabiri, lakini hutabiri kwa unyenyekevu. Mwaka 1940 mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, John Williamson, aligundua almasi ya Mwadui baada ya kutafuta kwa miaka, akifuata mawe madogo ya dalili kuelekea kwenye mwamba uliyoyazaa. Akapata mgodi ambao kwa eneo lake ni miongoni mwa mikubwa duniani. Hali kadhalika dhahabu ya Geita hulala katika mikanda ya miamba mikongwe sana, na mtaalamu huisaka kwa ramani, kwa kutoboa ardhi na kupima sampuli katika maabara. Baada ya kazi yote hiyo bado hasemi, "Chimba hapa utatajirika." Husema kwamba uwezekano ni mkubwa hapa na mdogo pale.

Mamlaka ya Hali ya Hewa nayo hufanya hivyo. Kabla ya Vuli na kabla ya Masika hutoa mwelekeo wa mvua kwa mikoa ya Kanda ya Ziwa, Shinyanga na Geita zikiwamo, na kusema kama zinatazamiwa kuwa za wastani, juu ya wastani au chini yake. Hupima joto la bahari na mwendo wa pepo, kwa kuwa bahari ikipata joto isivyo kawaida, mvua za Afrika Mashariki hubadilika, kama tulivyoona katika mafuriko ya El Nino ya mwaka 1997 na 1998. Mara nyingine utabiri hukosea. Lakini kosa lake huonekana hadharani, hupimwa, na mwaka unaofuata hesabu hurekebishwa.

Sasa tumtazame mpiga ramli. Yeye hana wastani, hana uwezekano wala hana marekebisho. Husoma matumbo ya kuku au hutazama ndani ya kibuyu, kisha husema kwa uhakika ambao mtaalamu hathubutu kuutumia. Likitokea alilosema, sifa ni zake. Lisipotokea, lawama ni ya mteja: hakufuata masharti, alimhadithia mtu, au jirani yake ana dawa kali zaidi. Mtu asiyeweza kukosea hawezi pia kuhesabiwa kuwa amepatia.

Watasema baadhi ya ndugu zetu wa machimboni, "Mbona fulani alikwenda kwa mganga na akapata?" Tufanye hesabu. Tuseme katika machimbo mamoja wenye maduara mia wamekwenda kwa waganga, na watano kati yao wakaifikia mbale yenye dhahabu. Hao watano watajenga nyumba, watanunua magari, na habari zao zitasimuliwa kuanzia Nyarugusu hadi Kahama. Wale tisini na tano watafunga virago usiku na kurudi kwao na madeni. Nani atasimulia habari zao? Hivyo ndivyo sifa ya mganga inavyojengwa: kwa kelele za watano na kimya cha tisini na tano. Wahenga walisema mganga hajigangi. Anayejua dhahabu ilipo angekwisha kuichimba mwenyewe. Lakini yeye hukaa kivulini akipokea fedha na ng'ombe kutoka kwa watu wanaoshinda ardhini. Huo ni unyonyaji, ingawa mnyonyaji mwenyewe amevaa hirizi badala ya suti.

Laiti madhara yangeishia mfukoni! Yafaa ieleweke kwamba ramli chonganishi haitazami mbele hata kidogo. Mtu huenda kuuliza juu ya kesho yake, naye hurudishwa na jina la jirani yake. Mtoto ameugua, ng'ombe wamekufa, duara limekauka: mpiga ramli hatafuti sababu, hutafuta mhalifu. Na mhalifu anayepatikana kwa wepisi ni bibi kizee, mjane anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu. Macho hayo yamekuwa mekundu kwa miaka hamsini ya moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe, akiwapikia watoto ambao leo wanamwogopa.

Takwimu za Serikali, alizozichambua Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilionyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji ilitokea katika nchi ya Wasukuma. Kisha, kuanzia mwaka 2006 na 2007, uovu ukapata sura nyingine. Zikazuka habari kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino huvuta dhahabu na samaki. Watoto wakakatwa mikono wakiwa hai. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa kumwua kijana wa miaka 14 mwenye ualbino wilayani Bukombe. Watoto wengine walipelekwa katika kituo cha Buhangija, mjini Shinyanga, wakakua mbali na mama zao, kwa kuwa nyumbani hapakuwa tena mahali salama. Na wala tusijidanganye kwamba hayo yamekwisha: mwaka 2024 mtoto mdogo mwenye ualbino aliuawa Muleba, mkoani Kagera.

Tumefanya nini? Tumewahi kujaribu nguvu. Mwaka 1976 vyombo vya dola viliendesha msako Mwanza na Shinyanga ili kukomesha mauaji. Watuhumiwa waliteswa, na wengine wakafa mikononi mwa waliopaswa kuilinda sheria. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu ili kuwajibika, ingawa hakuwa yeye aliyewatesa. Hilo ni funzo kubwa. Ukimpiga mtu hadi akiri, nawe umepiga ramli: umelipata jina, lakini hujaupata ukweli. Tumejaribu pia makatazo. Januari 2009 Serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi, na mwaka 2015 ikapiga marufuku wapiga ramli na kuwakamata wengi wao. Makatazo yanasaidia, lakini marufuku haiondoi kiu. Aliyefukuzwa barazani hupokewa uani.

Wapo watakaodai kwamba kuipinga ramli ni kudharau mila. Sivyo. Tabibu anayejua mzizi wa kutuliza homa au jani la kukausha kidonda ana elimu, na sheria ya mwaka 2002 inamtambua na kumpatia Baraza la kumsajili. Ngitili ni mila. Heshima kwa wazee ni mila. Kumwua mama mzee kwa panga usiku si mila ya kabila lolote. Mila iliyo njema haiogopi kuulizwa maswali.

Basi, tukitaka kuishinda ramli, tuishinde kwa kuwapa wananchi utabiri ulio bora kuliko wake. Mchimbaji mdogo huenda kwa mganga kwa sababu hana mtu mwingine wa kumwuliza. Kampuni kubwa inayochimba Geita haipigi ramli: ina wataalamu wa miamba na mitambo ya kutoboa. Mchimbaji wa Rwamgasa ana sururu na matumaini. Vituo vya mfano vya STAMICO, kama kile cha Lwamgasa na cha Katente, ni mwanzo mwema. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iwafikie wachimbaji kwa lugha wanayoielewa, wajue mwamba unaelekea wapi kabla hawajauza ng'ombe wa mwisho. Kadhalika, usalama wa maduara usiachiwe machale. Mwaka 2015 katika machimbo ya Nyangalata, Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya kukaa siku 41 chini ya ardhi. Taifa lilishangilia, na lilikuwa na haki ya kushangilia. Lakini muujiza huo usitusahaulishe kwamba matimba imara na ukaguzi wa mara kwa mara ni bora kuliko siku 41 za giza.

Viongozi nao wana sehemu yao, na hapa tusifichane. Watetezi wa watu wenye ualbino wamesema mara nyingi kwamba hofu yao huongezeka uchaguzi unapokaribia. Ikiwa yupo mgombea, wa Chama chochote, anayekwenda usiku kumwuliza mpiga ramli kama atashinda, huyo hafai kuomba kura mchana. Atawezaje kuwaambia wananchi waamini kazi na elimu, ilhali yeye mwenyewe anaamini kibuyu? Mabalozi wa nyumba kumi wanawafahamu wapiga ramli kwa majina na kwa njia za kuwafikia. Kimya chao ni kibali. Vijana wa Chama, akina mama wa UWT na Jumuiya ya Wazazi walifanye jambo hili kuwa ajenda ya kudumu katika kila tawi, badala ya kulikumbuka siku ya mazishi tu.

Chama kilipoanza safari yake kilitaja maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Mpiga ramli ni rafiki wa wote watatu, kwa kuwa hula kutokana na maradhi yasiyo na hospitali, umaskini usio na mkopo, na ujinga usio na shule. Kila zahanati inayofunguliwa, kila jiko lisilo na moshi, kila ramani ya madini inayomfikia mchimbaji mdogo, humpunguzia wateja.

Binadamu hakupewa jicho la kuiona kesho. Alipewa akili ya kuzisoma dalili zake na mikono ya kuiandaa. Mkoani Shinyanga na Geita wapo leo akina bibi wanaolala na mlango umewekewa gogo, na wapo watoto wasiothubutu kwenda shuleni peke yao. Kesho ya hao haihitaji mtabiri. Inategemea uamuzi wetu leo: tutamfikisha mpiga ramli mbele ya sheria, au tutaendelea kumpelekea kuku?