Mtoto mwenye kifafa si laana

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua ili niseme jambo linalonisumbua moyoni, hasa kwa ndugu zangu Wakristo wa huku milimani Usambara.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Tarafa ya Mlalo, Wilaya ya Lushoto. Kabla ya shule kufunguliwa mwezi Januari, sisi walimu hupita nyumba hadi nyumba pamoja na mwenyekiti wa kitongoji kuandikisha watoto wa darasa la kwanza. Mwaka mmoja tulifika kwa mzee wa kanisa anayeheshimika sana. Alituandikisha mtoto mmoja. Tulipokuwa tunaaga nilisikia sauti ya mtoto mwingine nyuma ya jiko. Nilipouliza, mama wa nyumba alijibu kwa sauti ya chini, "Mwalimu, huyo mwache. Ana kifafa. Tunamwombea." Nikafunga daftari, tukaondoka. Binti huyo alikuwa na miaka tisa.

Jumapili iliyofuata zamu ya kusoma neno kanisani ilikuwa yangu. Somo lilikuwa Yohana sura ya 9, habari za mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi wanamwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, mtu huyo au wazazi wake. Yesu anakataa yote mawili. Tena haishii kwenye maneno, bali anafanya tope kwa mate, anampaka machoni na kumtuma akanawe. Nilisoma huku namwona yule mzee kwenye benchi la mbele, nikajua kwamba mimi na yeye tuko sawa. Yeye alimficha mtoto, mimi nilimpita.

Ndugu Mhariri, jambo la kusikitisha ni kwamba haya yanatokea hapa petu. Wamisionari wa Kilutheri walifika Mlalo mwaka 1891, na chama chao baadaye kilikuwa na makao Bethel, karibu na Bielefeld, Ujerumani, mahali palipoanzishwa mwaka 1867 kuwatunza wagonjwa wa kifafa. Kule Lutindi, katika milima yetu hii hii, kanisa limekuwa likiwatunza wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Irente wapo watoto wasioona wanaosoma. Je, sisi tuliopokea Injili kwa njia hiyo tunawezaje kumfungia mtoto jikoni na kusema ni laana?

Wapo wanaodai kwamba kumpeleka mgonjwa hospitali ni upungufu wa imani. Wengine huacha dawa mara tu wanapoombewa, na mtoto akianguka tena husema shetani amerudi. Hayo si mafundisho ya Biblia. Msamaria mwema alifunga majeraha, akayamimina mafuta na divai, akamlipa mwenye nyumba ya wageni. Luka mwenyewe alikuwa tabibu. Sala na dawa hazigombani.

Juma lile lile nilirudi kwa yule mama. Akaniuliza, "Mwalimu, watu watasema nini?" Nikamjibu, "Mama, hata mimi niliyaogopa maneno ya watu, ndiyo maana siku ile niliondoka." Mzee alikaa kimya muda mrefu, kisha akakubali mtoto apelekwe hospitali. Sasa anameza dawa kila siku, naye yumo darasani.

Sisemi kwamba mambo yote yamekwisha. Siku moja alianguka darasani, wenzake wakakimbia nje, na kesho yake wazazi wawili walikuja kutaka aondolewe wakidai povu lake huambukiza. Kifafa hakiambukizi, wala kwa povu wala kwa kushikana. Mtu akianguka, aondolewe vitu vigumu vilivyo karibu, alazwe ubavu, wala asitiwe kijiko mdomoni. Niliwaeleza wazazi hao, kisha nikawafundisha watoto. Safari iliyofuata hakuna aliyekimbia. Mmoja alivua sweta lake akamwekea mwenzake chini ya kichwa.

Nawaomba wachungaji, mapadri na wainjilisti walitaje jambo hili mimbarani bila kificho. Nawaomba wazee wa kanisa waanze na nyumba zao. Nasi walimu tusifunge daftari upesi, kwani Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu kama mwenzake.

Imani ya Jumapili isiyofika jikoni siku ya Jumatatu inamfaa nani?

Mwalimu wa Kijijini,
Mlalo, Lushoto.