Mlevi Naye Apewe Benchi

Ndugu zangu wa kalamu, leo nina ugomvi nanyi, na nauleta mbele ya wasomaji bila kuumung'unya.

Chukua hadithi kumi za vijana wenzetu uzisome. Mlevi hakosi. Anaingia akipepesuka, anaimba, anaanguka mtaroni, watoto wanamzomea. Mwisho wa hadithi ama amekufa kwa gongo, ama ameokoka ghafla na kuvaa suti. Basi! Nami sijitoi. Riwaya ninayohangaika nayo ilikuwa na mlevi wa aina hiyohiyo, mpaka nilipomfuta. Nilimfuta kwa sababu ya kaka yangu.

Kaka ni seremala, hapahapa Kibondo. Asubuhi moja aliamka mikono inamtetemeka, hata randa haishikiki. Akaniambia, "Mdogo wangu, nataka kuacha. Niende wapi?"

Swali dogo hilo, lakini hebu zunguka nalo! Kwenye dawa tuliambiwa hiyo ni tabia, aende akaombewe. Kwenye maombi tukaambiwa mikono inayotetemeka ni kazi ya daktari. Nyumbani wazee wakasema mwanamume akiamua, anaacha. Kilabuni tu ndiko alikopokewa bila kuulizwa kitu. Walimwita kwa jina lake, wakamsogezea benchi. Jamani, mahali pekee palipomkaribisha mgonjwa ni palepale panapomuua!

Siku ya gulio mtu mmoja akatunong'oneza kwamba Kasulu wapo watu wanaokutana kila Jumapili, walevi watupu, wasiotaka kunywa tena. Tukapanda basi. Tuliwakuta wanne kwenye chumba cha nyuma cha fundi cherehani. Hapakuwa na mahubiri wala mchango. Mama mmoja aliyekuwa mpika pombe ya ndizi alisimulia jinsi alivyokuwa akionja mpaka mtungi unakwisha kabla wateja hawajafika. Hakuna aliyecheka. Kaka hakusema neno siku ile. Ila njiani kurudi aliniuliza, "Jumapili ijayo nauli ipo?"

Tangu hapo ameanguka mara mbili. Mara zote mbili alirudi kwenye kile chumba, wakamsogezea kiti.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Marekani, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, aliona kiu inamrudia. Akatafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, akampata daktari aitwaye Bob Smith. Mazungumzo ya watu wawili ndiyo yaliyozaa AA, chama kilichoenea duniani kote. Sharti la kuingia ni moja tu: utake kuacha. Hakuna ada, na majina ya watu hayatangazwi. Kwetu nako, Unguja, vijana waliotoka kwenye heroini wameanzisha nyumba za kupata nafuu kwa kufuata hatua zilezile kumi na mbili za AA.

Sasa nasikia majibu yenu. Ati hatuna fedha. Fedha za nini? Watu wa Kibondo na Kasulu kukaa duara tunajua. Akina mama wa vikoba hukutana kila wiki, sanduku katikati. Wanaoishi na virusi vya UKIMWI wamekaa vikundini wakakumbushana dawa, na wengi wako hai. Kwa nini duara hilo livunjike anapofika mlevi?

Ati ni aibu. Aibu gani? Kwamba anakunywa, kijiji kizima kinajua. Kisichojulikana ni kwamba anataka kuacha.

Ati serikali imekwisha kataza. Kweli, Machi 2017 viroba vilipigwa marufuku, na gongo ni haramu tangu zamani. Nashukuru. Lakini marufuku huondoa pakiti dukani tu. Haimpi mtu pa kukaa saa kumi na mbili jioni, kiu inapopiga hodi.

Wala sisemi kikundi ni dawa ya kila kitu. Aliyekunywa sana kwa miaka mingi akikata ghafla, anaweza kuweweseka na kupata kifafa, hata kufa. Huyo aanzie kwa mganga wa hospitali. Lakini atakaporuhusiwa kurudi nyumbani, njia yake inapita kilabuni. Nani atakuwa anamngoja upande wa pili?

Kwa hiyo nadai. Wenye ofisi na nyumba za ibada, toeni chumba kimoja, saa moja kwa wiki, bila hotuba. Wahudumu wa afya, mjue kikundi kilipo, mkitaje kwa mgonjwa badala ya kumfukuza kwa methali. Na ninyi waandishi wenzangu, acheni kumwangusha mtu mtaroni ili msomaji acheke. Mfuateni kesho yake asubuhi, anapoamka na kuuliza aende wapi. Hadithi inaanzia hapo.

Kaka yangu amekwisha chonga benchi la mninga, la kukaa watu watano, kwa ajili ya kikundi cha Kibondo. Limeegemea ukuta wa karakana yake, linanyeshewa mvua. Mpaka leo hatujapata chumba cha kuliweka.